Delphine Delrue: kutoka Istora hadi Istora

Mwishoni mwa Julai 2024, katika ukumbi mpya wa Porte de la Chapelle kaskazini mwa Paris, Kundi A la jozi mchanganyiko katika badmintoni ya Olimpiki lilimalizika kwa hesabu ambayo hadi leo naiona ni ya kikatili. Wachina Zheng Siwei na Huang Yaqiong walishinda mechi zao zote tatu. Jozi tatu zilizobaki, ya Korea Kusini, ya Indonesia na ya Ufaransa, zilishinda mechi moja moja na kupoteza mbili mbili. Kila moja ilimfunga mmoja wa wenzake na kufungwa na yule mwingine, duara lisilo na kichwa wala mkia. Nafasi iliyobaki ya robo fainali ilikuwa moja, ikabidi watenganishwe kwa hesabu ya seti na pointi. Wakapita Wakorea, Kim Won-ho na Jeong Na-eun. Siku chache baadaye walikuwa jukwaani wakivishwa medali ya fedha. Wafaransa Delphine Delrue na Thom Gicquel, waliokuwa na ushindi ule ule mmoja, mbele ya watu wao, katika mji wao mkuu, walifungasha raketi zao.

Juni 2025, zaidi kidogo ya miezi kumi baadaye, Delrue na Gicquel walitwaa Indonesia Open mjini Jakarta. Hayo ni mashindano ya daraja la Super 1000, la juu kabisa katika ziara ya dunia, na kwa mwaka mzima daraja hilo lina mashindano manne tu.

Kati ya Paris na Jakarta dunia iliyowazunguka ilibadilika sana. Jozi yao haikubadilika. Nimeifuatilia safari ya Delrue kwa miaka kadhaa sasa, na naamini inatupa ushahidi mzuri kuliko wowote kwamba katika mchezo wa wawili, kukaa pamoja ni ujuzi kamili kama ulivyo ujuzi wa mkono au wa miguu. Naamini pia kwamba ujuzi huo hatuuthamini. Hatuuthamini sisi mashabiki, na hawauthamini wanaogawa fedha za zawadi.

Kwa asiyeufuata sana mpira wa vinyoya, nieleze kidogo kazi yenyewe ya mwanamke katika jozi mchanganyiko, kwa sababu bila hiyo haiwezekani kumwelewa Delrue. Uwanja wa wawili una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa takriban gramu tano. Kwa kawaida jozi inaposhambulia, mwanamke hukaa mbele karibu na wavu na mwanamume hubaki nyuma akipiga smashi, pigo kali la kushuka chini. Hata mwanamume anapoanzisha, mwenzake wa kike husimama mbele yake, raketi juu, tayari. Huko mbele hakuna muda wa kufikiri. Kinyoya kinachotoka kwa mpinzani humfikia kabla hajamaliza kupepesa jicho, na anatakiwa awe ameshaamua: akikate, akisukume chini, akiguse kidogo tu kidondoke, au akiache kipite kimwendee mwenzake.

Hilo la mwisho, kukiacha, ndilo gumu kuliko yote. Ukikigusa kinyoya ambacho mwenzako wa nyuma alikuwa amejiandaa kukimaliza, umemharibia. Ukikiacha ambacho hakukitegemea, kimeanguka katikati yenu na mnabaki mkitazamana. Uamuzi huo hurudiwa mara nyingi sana katika mechi moja, na hauandikwi popote. Runinga hurudia smashi ya Gicquel, mruko wake mrefu, mkono wa kushoto ukishuka kama panga. Naomba msomaji siku moja arudishe video nyuma kwa mapigo mawili. Mara nyingi atamkuta Delrue amefanya jambo dogo pale kwenye wavu, mguso tu, ambao ulimwacha mpinzani bila njia nyingine ila kukiinua kinyoya juu. Smashi ilizaliwa pale.

Wapinzani wanalijua hilo vizuri. Mpango wa kale dhidi ya jozi mchanganyiko yoyote ni kuwageuza: kumsukuma mwanamke nyuma kabisa ya uwanja na kumvuta mwanamume mbele, kwa imani kwamba kamba hukatikia pabovu. Kwa Delrue mpango huo hauwalipi sana. Akisukumwa nyuma hapigi mpira wa kujiokoa tu, anashambulia, na anaweza kushambulia mara mbili au tatu mfululizo wakati Gicquel ameshika wavu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Jozi nyingi za Ulaya zimejengwa juu ya mwanamume mwenye nguvu na mwanamke asiyekosea. Hii ya Ufaransa imejengwa juu ya watu wawili wanaoweza kubadilishana kazi katikati ya mpigano bila kuambiana.

Halafu kuna suala la mikono. Gicquel ni wa kushoto, Delrue ni wa kulia. Wakisimama ubavu kwa ubavu wakijilinda, kuna mpangilio mmoja ambao mikono yao ya nguvu yote inaelekea katikati, na mwingine ambao yote inaelekea pembeni. Kila wanapobadilishana upande, ngome yao inabadilika sura, na mpinzani anatakiwa kukumbuka katika sekunde ile wapi pana ukuta na wapi pana mlango. Zaidi ya hapo, manyoya ya kinyoya yamepangwa yakilaliana upande mmoja, kwa hiyo kinazunguka upande mmoja kikiwa hewani. Mkato wa mkono wa kushoto haudondoki kama mkato wa kulia. Ni faida kubwa, lakini ina gharama yake. Raketi mbili zinapoelekea katikati kwa wakati mmoja zinaweza kugongana, na hakuna kocha anayeweza kuchora mstari sakafuni kuonyesha kinyoya kipi ni cha nani. Mstari huo hukaa vichwani mwa wawili hao, na huchorwa kwa miaka.

Delrue alizaliwa mwaka 1998, Gicquel mwaka 1999, na walianza kucheza pamoja kabla hawajatimiza miaka 20. Walikulia katika nchi ambayo haikuwa na utamaduni mkubwa wa jozi. Fahari ya badmintoni ya Ufaransa ilikuwa ya mchezaji mmoja mmoja: Pi Hongyan, mzaliwa wa China, aliyeipa nchi hiyo medali ya shaba ya dunia mwaka 2009 huko Hyderabad, na Brice Leverdez, aliyemtoa Lee Chong Wei katika mechi ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya 2017 mjini Glasgow, jambo ambalo Malaysia nzima haikuliamini. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 Ufaransa ilipeleka wachezaji wa mmoja mmoja tu, Leverdez na Delphine Lansac. Hakukuwa na jozi hata moja.

Miaka minane baadaye, Paris, Ufaransa ilikuwa na wawakilishi katika aina zote tano za mchezo. Wenyeji hupata upendeleo fulani wa nafasi, hilo nalikubali. Lakini Delrue na Gicquel walikuwa wameshafika Olimpiki ya Tokyo kabla ya hapo, bila upendeleo wa mtu, kwa pointi zao.

Tokyo yenyewe niipite haraka. Ilichezwa mwaka 2021 katika ukumbi usio na watazamaji kwa sababu ya korona, na Wafaransa waliishia hatua ya makundi. Kilichotokea miezi michache kabla yake kina uzito zaidi: Machi 2021, mjini Basel, walishinda Swiss Open, daraja la Super 300. Mbele yao katika fainali walikuwa Wadenmaki Mathias Christiansen na Alexandra Bøje. Barani Ulaya kuwafunga Wadenmaki katika jozi si jambo la kawaida. Ni taifa ambalo kila kijana anayeshika raketi amemwona bingwa kwa macho yake, ukumbini, si kwenye runinga.

Kisha ikaja Juni 2022. Fainali ya Indonesia Masters, Jakarta, ukumbi wa Istora, dhidi ya Zheng na Huang. Walipoteza, na walipoteza kwa namna inayoumiza, bila kuonekana kama walikuwa karibu. Wachina wale wakati huo walikuwa kitu kingine kabisa. Huang pale mbele alikuwa akisoma kinyoya kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Wengi waliotazama fainali ile walihitimisha kwamba Wafaransa wamefika ukomo wao: jozi nzuri, ya kumi bora, ya kufika fainali mara moja kwa bahati ya ratiba na kufungwa na wakubwa. Hitimisho hilo halikuwa la kipuuzi. Jozi nyingi hubaki hapo hapo.

Istora ilifunguliwa mwaka 1961, na kwa wachezaji wa badmintoni ni mahali pa pekee duniani. Kelele zake hazingoji pointi iishe. Watu hupaza sauti kwa kila pigo la mchezaji wao, pigo kwa pigo, mpaka ukumbi unapumua pamoja na kinyoya. Mchezaji wa mmoja mmoja huibeba kelele ile peke yake. Jozi huathirika kwa njia nyingine, kwa sababu sauti ya mwenzako haikufikii. Maneno mafupi mnayoambiana, "wangu", "acha", "yako", hayasikiki. Jozi inayotegemea kuambiana hupotea pale. Huokoka ile ambayo haihitaji tena maneno.

Sasa tuangalie nini kilitokea baada ya Paris 2024, maana hapa ndipo moyo wa hoja yangu ulipo. Jozi nne zilifika nusu fainali ya Olimpiki ile. Zheng na Huang walichukua dhahabu kwa kuwabomoa Kim na Jeong seti mbili kwa sifuri, 21–8 na 21–11, na kabla mwaka mpya haujaingia jozi yao ilikuwa imefika mwisho. Kim Won-ho, ambaye mama yake Gil Young-ah alishinda dhahabu ya jozi mchanganyiko mwaka 1996 Atlanta, mara ya kwanza aina hiyo kuchezwa katika Olimpiki, alihamia wawili wanaume. Mwenza wake mpya alikuwa Seo Seung-jae, aliyefika naye nusu fainali ile ya Paris lakini kwa upande wa pili wa wavu, akiwa na Chae Yu-jung. Wajapani Yuta Watanabe na Arisa Higashino, washindi wa shaba mara mbili, Tokyo na Paris, nao wakaachana.

Jozi nne za nusu fainali. Ilipofika Juni 2025 hakuna hata moja iliyokuwa bado inacheza pamoja.

Siwalaumu. Kim na Seo walipoungana waligeuka kuwa jozi bora ya wanaume duniani, wakawa mabingwa wa dunia mwaka huo huo, hapo hapo Porte de la Chapelle. Kuvunja jozi kunaweza kuwa uamuzi sahihi. Nchi yenye wachezaji wengi wa kiwango cha juu inaweza kuwapanga na kuwapangua mpaka ipate mchanganyiko unaowaka. Korea, China na Indonesia zimefanya hivyo kwa miongo, na makabati yao ya medali yanajibu kila lawama.

Lakini kuna bei, na bei hiyo imeandikwa katika kanuni zenyewe. Pointi za viwango vya dunia ni za jozi. Ukimwacha mwenza wako leo, kesho wewe na mtu mpya hamna pointi mlizozipata pamoja, na mnaweza kukutana na wakubwa katika raundi ya kwanza. Na ile ramani ya vichwani niliyoieleza, ya kinyoya kipi ni cha nani, haihamishiki. Unaianza upya, pigo kwa pigo.

Ufaransa haikuwa na anasa ya kuwapangua. Wachezaji wake wa kiwango hicho ni wachache, wanaofanya mazoezi pamoja katika kituo cha taifa cha INSEP, ndani ya msitu wa Vincennes. Delrue mwenyewe kwa miaka kadhaa alicheza pia wawili wanawake na Léa Palermo, kisha uzito wa kazi yake ukaelekea wazi upande wa mchanganyiko. Baada ya kushindwa Tokyo, baada ya Istora 2022, baada ya Paris, kila mara kulikuwa na sababu ya kusema basi, tujaribu kitu kingine. Mara tatu hawakusema. Kwangu mimi huo ni uamuzi mkubwa wa kimichezo, hata kama hauonekani, kwa sababu kinachoonekana siku ya uamuzi wa kutoachana ni watu wawili wakirudi mazoezini Jumatatu asubuhi.

Hivyo Juni 2025 walirudi Istora, ukumbi ule ule waliokuwa wamefunzwa adabu miaka mitatu kabla. Katika fainali alikuwepo Dechapol Puavaranukroh wa Thailand, bingwa wa dunia wa 2021, mmoja wa wachezaji wenye akili kubwa kabisa katika jozi mchanganyiko. Lakini pembeni yake hakuwepo tena Sapsiree Taerattanachai, aliyeutwaa naye ubingwa ule. Alikuwepo Supissara Paewsampran, mchezaji mzuri, mwenza mpya. Wafaransa walishinda.

Msomaji makini ataniuliza: je, hawakushinda kwa sababu wakubwa waliondoka? Ni swali la haki. Zheng na Huang wangekuwepo kwa kiwango chao cha 2022, siwezi kuapa kwamba matokeo yangekuwa yale yale. Lakini uwanja haukuwa mtupu. China ilikuwa bado na Jiang Zhenbang na Wei Yaxin, na Feng Yanzhe na Huang Dongping, jozi ambazo zingeongoza nchi nyingine yoyote. Isitoshe, kuondoka kwa wakubwa kulikuwa nafasi kwa kila mtu, si kwa Wafaransa peke yao. Nafasi hutumiwa na aliye tayari, na katika mchezo wa wawili utayari hauwezi kununuliwa kwa miezi mitatu ya mazoezi makali. Delrue na Gicquel walikuwa nao kwa sababu walishaulipia, kwa miaka, wakati hakuna aliyewatazama.

Nakubali pia lawama nyingine, nzito zaidi. Olimpiki mbili, hatua ya makundi mara mbili. Pale Paris hakuna aliyewaibia. Walipoteza mechi mbili kati ya tatu, na jozi inayotaka medali haipaswi kuiachia hatima yake hesabu ya seti. Wangeshinda seti chache zaidi, leo tungekuwa tunaandika mambo mengine. Ninachokataa ni kuligeuza kundi lile kuwa hukumu ya tabia yao, kwamba wanaogopa mashindano makubwa. Wakorea nao walipoteza mbili kati ya tatu, na hakuna aliyesema Kim na Jeong ni waoga, kwa sababu wao duara lile liliwaangukia vizuri. Jozi hizo mbili zilitenganishwa na pointi za hesabu, kisha sisi waandishi tukazitenganisha kwa maneno: mashujaa hawa, wameshindwa hawa. Hilo si kosa la wachezaji.

Kuna jambo moja bado linaniudhi, nalo ni fedha. Zawadi yote ya Indonesia Open 2025 ilikuwa dola za Marekani 1,450,000. Kwa kanuni za mgawanyo wa ziara ya dunia, bingwa wa mmoja mmoja hupata asilimia 7 ya fungu hilo, yaani dola 101,500. Jozi bingwa hupata asilimia 7.4, dola 107,300, na hizo wanagawana wawili. Delrue kwa hesabu hiyo alistahili dola 53,650. Bingwa wa mmoja mmoja katika ukumbi huo huo, juma hilo hilo, alipata karibu mara mbili yake. Gharama za kocha, za mtaalamu wa viungo, za miaka kumi ya magoti kuuma, hazigawanyiki kwa mbili. Kila mmoja anazibeba zake nzima.

Watetezi wa mfumo huu husema kwamba mchezaji wa jozi anaweza kucheza aina mbili za mashindano kwa wakati mmoja na kufidia. Wapo wanaofanya hivyo, na wachache sana hufanikiwa katika zote. Kwa Delrue kufika Jakarta ilibidi aelekeze nguvu zake mahali pamoja, na mfumo unamlipa kama mtu aliyefanya nusu ya kazi. Ningependa siku moja shirikisho la dunia liweke mezani pendekezo rahisi: bingwa wa jozi alipwe, kwa kichwa, sawa na bingwa wa mmoja mmoja. Fedha ziko. Kinachokosekana ni kukubali kwamba wapo wachezaji wawili pale uwanjani.

Michezo ya Los Angeles itafunguliwa Julai 2028. Delrue atakuwa na miaka 29, Gicquel naye 29. Pointi za kufuzu zitakuwa za jozi, kama kawaida. Wakifika, itakuwa Olimpiki yao ya tatu, na huenda katika orodha nzima ya jozi mchanganyiko kusiwe na majina mengine mawili yaliyokaa bega kwa bega tangu Tokyo.